Mwanachama wa Thelathini

Siku hizi sheria inawaruhusu waliofia kazini tu kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo kila asubuhi, Zaituni akimimina chai, sauti ya marehemu mumewe, Mhando, humsemesha kutoka kwenye redio ya chama.

"Ile mashine ya katani iliyoniua, wameiwekea kikinga?"

"Wapi, Baba Riziki! Na leo wamempanga binti yako hapo hapo."

Redio ilikoroma kidogo. "Tukifika wanachama thelathini, ndipo tutaweza kuwalazimisha."

"Mko wangapi?"

"Ishirini na tisa."

Mlangoni, Riziki alikuwa anafunga aproni yake ya kazi. Zaituni aliweka kikombe chini, akamvua ile aproni, akaivaa mwenyewe.

"Leo shika nafasi yangu, ukaanike nyuzi uwanjani," alimwambia. "Mashine niachie mimi."