Fundi Fuko na Mayai ya Bi Kanga

Wanyama walipoanza kuvuta umeme, Fuko ndiye aliyekuwa fundi wa kufukia nyaya, na hakuandika kitu asichokigusa kwa mkono wake. Kabla ya kuchimba alipita nyumba kwa nyumba akiuliza wanaokaa humo ni wangapi.

Bi Kanga alikuwa ameatamia mayai kumi na manne.

"Andika kumi na watano, fundi."

"Mama, mayai hayawashi taa. Naandika mmoja."

Akafukia waya mwembamba wa kumtosha mtu mmoja, akaenda zake ameridhika. Mwezi haukuisha, vifaranga wakaanguliwa. Mvua ya baridi ikanyesha, Bi Kanga akawasha taa za kuwapasha joto, na waya ukaungua. Mtaa mzima ukakosa umeme.

Fuko alikuja mbio, akijua atafokewa. Akakuta vifaranga kumi na wanne wakitetemeka chini ya mbawa mbili.

"Kaa hapa, fundi," Bi Kanga alisema taratibu. "Mbawa hazitoshi."

Akakaa. Saba wakajikunyata kwenye manyoya yake, naye akawagusa mmoja mmoja mpaka mvua ikakatika.

Siku hizi Fuko akiingia kwa watu, kabla hajauliza mko wangapi, hutega sikio kwenye mayai.