Uzoefu wa Miaka Thelathini

Sheria ilikataza kumwajiri muuguzi asiye na uzoefu, lakini iliruhusu kuwekewa kichwani uzoefu wa mwingine. Kwa hiyo Sekela, wiki mbili tu baada ya kuhitimu, alivalishwa kofia ya mashine na kuvuliwa akiwa na miaka thelathini ya Sista Tusajigwe, muuguzi mstaafu. Siku ileile akapata kazi wodi ya wazazi.

Nyumbani, mama yake alikuwa amechinja jogoo kwa furaha. Sekela aliingia akilalamikia magoti, akauona mkono wa mama.

"Kidonda umekifunga kwa kipande cha kanga?"

"Nimejikata kidogo tu, mwanangu."

"Usinijibu! Kaa hapo. Wasichana wa siku hizi hamsikii!"

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kweli kazi umepata!"

Sekela hakucheka. Alikiosha kidonda kwa mikono isiyotetemeka, akakifunga vizuri, kisha akamkazia macho.

"Na salamu je? Siku hizi wakubwa hawaamkiwi?"

Mama aliyatazama macho yale, kicheko kikamkauka.

"Shikamoo," akasema polepole.

"Marahaba, binti yangu," Sekela akaitikia, akajipakulia firigisi.