Ncha ya Pili ya Kamba

Mnamo tarehe 9 Aprili 1958, Nyani Mwinyikombo bin Majabali, nahodha mwenye majivuno, alitaka kutia nanga karibu na maporomoko ya mto.

"Nahodha, ncha ya pili ya kamba umeifunga wapi?" aliuliza abiria wake, Kobe, asiyejua kuogelea.

"Mzee, tulia! Tangu lini mzigo ukauliza maswali?"

Akaitupa nanga kwa madaha. Kamba ikaifuata mbio, kwani haikufungwa popote. Kobe akaidaka ncha kwa taya, akalibana gamba lake chini ya ubao wa kukalia. Mashua ikasimama.

"Mzee wangu, nakusihi, usifumbue mdomo!" Nyani akalia.

Tumbili husimulia kwamba mashua ilishikwa na fundo la Nyani. Sivyo. Fundo halikuwapo, zilizoshika ni taya za Kobe.