Maji ya Kwanza ya Kuoga

Nyumba ya Sikudhani ilikaa juu kabisa ya mgongo wa mlima. Mvua ya mbele ya nyumba iliteremkia Mto Kisanza, na ya uani ikaenda zake Mto Lwande. Sheria ilikuwa moja: mtoto ni wa mto uliopokea maji yake ya kwanza ya kuoga. Akifika umri wa shule huhamia bonde la mto wake, akalelewa huko na watu wa huko. Sikudhani na bintiye Mwanaheri walikuwa wa Kisanza.

Sikudhani alipozinduka baada ya kujifungua mtoto wa pili, alimkuta mama mkwe wake akimfuta kichanga kwa khanga.

"Umemwogeshea wapi, mama?"

"Uani, wapi tena? Mtoto mchanga huogeshwa uani. Ulitaka nimwanike barazani kama dagaa?"

Kisha kicheko kikamkauka bibi yule. Kwenye mfereji wa uani, kipimo cha Lwande, kinachosajili maji ya watoto, kilikuwa kimewasha taa ya kijani: maji yameshapokelewa. Akatoka mbio, akainama, akaanza kuzoa tope kwa viganja.

"Acha, mama. Yameshateremka."

Sikudhani akampakata mwanawe, akampa ziwa. Shule bado iko mbali, alijiambia, na sheria nazo hubadilika.

Mwanaheri akaja kuketi kando, akamtazama mdogo wake akinyonya.

"Mama, maziwa yako ni ya mto gani?"

Sikudhani alinyoosha mkono, akafunga dirisha la uani, lililoelekea kwenye kipimo.

"Sema polepole, mwanangu."