Msalaba wa Pili

Sajini Makwaya hakuwa na haraka hata kidogo, na ripoti ya ajali ilikuwa mkononi mwake. Mashavu aliitaka siku hiyo hiyo, maana hospitali kubwa ilikuwa haipokei majeruhi wa barabarani bila karatasi ya polisi, na mumewe Ngwali alikuwa zahanati akipumua kwa taabu.

"Haya mama, kagua mwenyewe, usije ukasema polisi tumekupunja," sajini alisema huku akicheka.

Mashavu akaanzia kwenye mchoro. Barabara ilikuwepo, kona ya kinu ilikuwepo, na gari lilikuwa kichwa chini miguu juu. Kando yake palichorwa misalaba miwili ya wino mwekundu.

"Aliyekufa ni dereva peke yake, afande. Huu wa pili wa nani?"

Kicheko kikamkauka sajini. "Wa abiria."

"Abiria ni mume wangu! Asubuhi hii kanywa uji!"

"Mama, miaka kumi na minane naichora kona ile. Hajapona mtu. Siku hizi nachora yote kwa mpigo, nisije nikarudia fomu."

"Futa!"

Sajini akatoa wembe, akaukwangua msalaba taratibu, kisha akapuliza vumbi jekundu. Karatasi ilikuwa imetoboka.

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema kwa sauti ndogo, akagonga muhuri. "Nyingine sina."

Mashavu akakiziba kitundu kwa kidole gumba, akatoka mbio kuelekea zahanati, asithubutu kukiondoa kidole.