Picha ya Marehemu Akicheka

Kichwa cha yule mwanamke kilitoka upesi. Mkono ndio uliogoma.

Mama Ng'arisha aliisukuma miwani juu ya pua, akaikaribia kompyuta kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kwenye kioo, bwana wa makamo alikuwa anacheka mpaka magego yanaonekana. Mwanamke aliyekuwa amemlalia begani, uso kauficha shingoni mwake, sasa alibaki mkono mtupu, umemzunguka bwana yule kama mkanda.

"Kang'ang'ania!" alisema Mama Ng'arisha. "Hata kwenye picha haachii."

Mteja wake alikuwa amekaa nyuma yake, mtandio mweusi umemfunika mpaka kwenye nyusi.

Mazishi yalikuwa alasiri ileile. Ilitakiwa picha ya kuweka mbele ya jeneza, na marehemu, mbele ya kamera, alikuwa bingwa wa kununa. "Ya kazini kanuna, ya harusi kanuna," mteja alikuwa ameeleza alipoingia. "Watamzika kama mtu asiyewahi kucheka. Anayocheka ni hii tu, hakuna nyingine."

"Na huyu mama?"

"Huyo mtoe."

Mama Ng'arisha hakuhitaji kubembelezwa. Mume wake mwenyewe aliiacha studio hii akamfuata mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti. Mke akabaki na kompyuta asiyojua hata inawashwa wapi. Alijifunza kwa hasira. Siku za mwanzo alifuta chunusi ya bwana mmoja, ikaondoka na sikio. Bibi harusi mmoja alimng'arisha mpaka mama mkwe akauliza huyu ni nani, na jina likamganda fundi kuanzia hapo. Siku hizi mkono umetulia, na anapenda kufundisha, uombe usiombe.

"Tazama, mwanangu. Nikikata kingo hapa, nakata na bega la marehemu. Haifai. Kwa hiyo natumia muhuri. Nachota kitambaa cha shati hapa kifuani, nagonga pale penye mkono. Nachota, nagonga. Umeona? Shati linameza mkono."

"Na ukikosea?"

"Narudi nyuma. Kitufe kipo. Unabonyeza, kosa linakuwa kama halijatokea."

"Kumbe."

"Kwenye kompyuta, lakini. Usianze kujipa moyo."

Kiwiko kikamezwa. Kisha kifundo cha mkono, pamoja na bangili.

"Hii uliikuta wapi?" aliuliza Mama Ng'arisha.

"Kwenye simu."

"Ndiko wanakonaswa wote! Zamani walificha barua chini ya godoro, siku hizi simu zinawaumbua. Na meno yote hayo, alikuwa anachekea nini?"

"Mpiga picha alijikwaa, akakalia ndoo ya maji."

"Raha mustarehe! Na wakati huo mke yuko nyumbani anafua soksi zake."

"Ndiyo," alisema mteja. "Alikuwa nyumbani."

Mama Ng'arisha alisonya kwa niaba ya wake wote duniani. Akabadilisha ukuta wa nyuma, akaweka anga la samawati. Akaongeza mwanga kidogo usoni, kidogo tu, maana marehemu hang'arishwi kama bibi harusi. Halafu akainama.

"Ala! Pembeni ya kola pamebaki ncha ya kidole. Subiri nikimalize."

"Kiache, mama."

"Kiache?"

"Muda umekwenda. Nani atakiona?"

Kweli, ungekidhania kifungo. Akakiacha.

Ikabaki ile picha ya kwanza. Hapo Mama Ng'arisha alikuwa na sheria yake, na kila aliyekuja kujifunza kwake alianzia hapo: kazi hufanyiwa kwenye nakala, ya kwanza haiguswi, hata iwe mbaya kama nini.

"Ifute humo kwenye kompyuta," alisema mteja. "Sitaki mtu akipita hapa aione."

"Kwa ajili yako navunja sheria." Akaifuta, akamwaga na pipa la taka. Kisha macho yakaiangukia simu ya mteja, bado iko kwenye waya, picha imefunguka. "Na hii je?"

"Hiyo niachie tu, mama. Nita..."

"Nikuachie ikukondeshe? Leo utaitazama, kesho utaitazama, mwisho utamtafuta huyo malaya ukapigane naye barabarani. Na mimi nilikuwa nayo kama hii. Niliitazama mpaka nikaugua."

Vidole vyake vilikuwa vimeshazoea. Futa. Simu ikauliza kama ana uhakika. Mama Ng'arisha alikuwa na uhakika. Akaifuata mpaka kwenye taka, akaifuta na huko.

Mteja aliinuka nusu, mdomo wazi. Akakaa tena taratibu, kama mtu mzito.

"Utanishukuru baadaye," alisema Mama Ng'arisha, akampigapiga gotini.

Mashine ya kuchapisha ilikohoa, ikamtoa marehemu peke yake mbele ya anga, anachekea hewa. Mama Ng'arisha alimtia kwenye fremu, akapangusa kioo kwa upindo wa gauni lake.

"Haya, shika, wahi. Mjane hachelewi kumzika mumewe."

Mteja aliitazama fremu muda mrefu, asiiguse. Kisha akachukua simu yake, akajitanda vizuri, akaenda mpaka mlangoni.

"Mimi sifiki huko, mama," alisema. "Mkewe yuko njiani anaifuata. Akikuuliza, mwambie imeletwa na watu wa kazini."