Kazi ya Mwisho ya Ustadh Shawqi

“Ustadh Shawqi, upo nasi?” simu iliuliza.

“Nipo, Daktari,” Nagwan aliandika kwa kidole gumba. “Kamera yangu mbovu, na kipaza sauti pia. Samahani.”

Ustadh Shawqi mwenyewe, mkuu wa shule, alikuwa ofisini kwake, mlango wa pili, akinywa kahawa na kucheka na mgeni. Kila siku saa tano alimletea Nagwan simu yake katika chumba cha walimu, maana bila simu hiyo mafunzo hayafunguki. Saa sita alikuja kuichukua. Hakuna aliyeshangaa. Hapa Damanhur, Misri, mkubwa akiitwa kwenye mafunzo ya mtandaoni, anayehudhuria ni mdogo wake kazini.

Mafunzo yalikuwa ya walimu watakaofundisha watoto kujikinga na dawa za kulevya. Yalichukua wiki sita. Bila cheti chake Shawqi asingepata unaibu mkurugenzi wa elimu wa wilaya, na kiti hicho alikuwa amekitolea macho miaka mingi.

Abla Sabah, mwalimu wa hesabu, alikaa pembeni akitoboa mamumunye ya kujaza wali, ili akifika nyumbani ayapike tu. Aliinua kisu.

“Nagwan, mwenzangu, hivi wewe una damu kweli? Mtu kammaliza mdogo wako, nawe unamsomea?”

“Namsomea.”

“Basi jibu ovyo! Afeli, aumbuke wilaya nzima. Ningekuwa mimi, ningemjibia kama punda.”

“Afeli? Hapana. Nataka awe wa kwanza.”

“Makubwa! Haya, jipendekeze,” Sabah alisema, akarudi kwenye mamumunye yake.

Nagwan alirudi kwenye simu. Alimchukia Shawqi hata harufu ya kahawa yake hakuivumilia. Mwaka uliopita, kwenye mstari wa asubuhi, bendera ikiwa bado inapanda, mtu huyo alishika vidonge alivyovitoa kwenye begi la Hazem, mdogo wa Nagwan, akavitikisa mbele ya shule nzima. “Mtazameni mlevi wenu!” alisema kwenye kipaza sauti.

Vilikuwa vidonge vya kifafa. Mama yao alikuja mbio siku hiyo hiyo na karatasi ya daktari wa hospitali ya serikali, yenye muhuri wa tai wa serikali. Shawqi aliipokea, akaitia kwenye droo ya kushoto ya meza yake, akafunga kwa ufunguo, akasema ataiangalia. Kamati ya nidhamu ilipokaa kuamua, aliapa kwamba hakuletewa karatasi yoyote. Hazem akafukuzwa, faili lake likaandikwa “dawa za kulevya”, na tangu hapo hakuna shule iliyompokea. Alikuwa na miaka kumi na tano, alipenda jiografia kuliko chakula, na sasa hata chumbani hatoki. Nagwan alitaka faili hilo lisafishwe, na alitaka aliyelichafua alisafishe kwa mkono wake.

Wiki ya sita ilifika kazi ya mwisho. Kila mwalimu alitakiwa aandike kisa kimoja cha kweli kutoka shuleni kwake. Nagwan alipeleka habari ofisini.

“Kisa?” Shawqi alisema bila kuinua uso. “Wewe si ndiye mwalimu wa lugha? Niandikie kitu cha kuwatoa machozi.”

“Nikuandikie cha kweli tupu, Ustadh?”

“Andika utakacho, binti yangu, mradi nipite.”

“Nikuletee kwanza ukisome?”

“Nisome ya nini? Tuma.”

Akatuma.

Siku kumi baadaye shule ilipanguswa mpaka ngazi. Ustadh Shawqi alikuwa wa kwanza katika mkoa mzima, na mkufunzi, Daktari Inas, alikuja yeye mwenyewe kutoka Kairo kumkabidhi cheti kwenye mstari wa asubuhi. Mkurugenzi wa wilaya alikaa kiti cha mbele. Shawqi alikuwa na suti mpya na tabasamu ambalo walimu hawakuwahi kuliona.

“Hongera,” Sabah alimnong’oneza Nagwan. “Umempeleka juu kwa mikono yako. Hazem akisikia, sijui utamwambia nini.”

“Atasikia,” Nagwan alisema.

Daktari Inas alisogea kwenye kipaza sauti. “Kabla ya cheti,” alisema, “nina ombi moja. Nimesahihisha kazi za walimu mia tatu, na moja tu ilinizuia kulala. Nimepiga chapa kipande chake. Naomba nikisome, na wanafunzi wasikie mwalimu wao ni mtu wa aina gani.”

Shawqi aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

“‘Mwaka jana,’” Daktari Inas alisoma, “‘kwenye kipaza sauti cha shule, nilimwita mtoto mgonjwa mlevi. Anaitwa Hazem. Mama yake aliniletea karatasi ya daktari, nami nikaiambia kamati sikuletewa kitu. Karatasi yenye muhuri wa tai haitupwi, kwa hiyo ninayo mpaka leo, kwenye droo ya kushoto ya meza yangu. Namngoja mtu wa kuniambia niifungue.’”

Mkurugenzi wa wilaya alikuwa amesimama.

“Mkubwa gani hapa nchini ana ujasiri huu?” Daktari Inas alisema, akijifuta macho. “Tena umeyaandika mwenyewe, Ustadh, kila neno. Au siyo?”

Shawqi alimtazama mkurugenzi, akakitazama cheti, kisha akamtazama Nagwan, ambaye alikuwa ameshika simu yake mwenyewe mkononi, na upande wa pili wa simu alikuwepo Hazem, akisikiliza.

“Kila neno,” alisema, akaanza kupapasa mfukoni kutafuta ufunguo.